Usimjibie Maryanne

Wilkister mwanangu,

Nimeenda Kajiado kwa yule mama wa homiopathi, anayetupa vile vidonge vitamu. Nitarudi kesho. Maryanne wako yuko kwa Ruqia hapo nyumba ya pili, ameshakula. Maharagwe yako jikoni, ongeza chumvi.

Dawa ya kifafa ya hospitali ni baada ya chakula. Hiyo hairukwi, hata yule mama alisema. Vile vidonge vitamu ni kabla ya uji. Usivishike na mkono. Mimina kwa kifuniko, umwekee mdomoni, mngoje viyeyuke.

~~Kama hutaki kumpa, wacha.~~ Mpe tu.

Asubuhi uliniambia, "Mama, hiyo ni sukari." Iliniuma. Pengine ni sukari. Miguu ya Maryanne bado imekaza, naona, mimi si kipofu. Lakini ulitoka mbio kwenda kazini, hukuona kilichofuata. Tukingoja viyeyuke huwa namtegea vitendawili, halafu najijibu mwenyewe kama mwenda wazimu. Leo nikasema, "Nyumba yangu haina mlango," kikohozi kikanishika, nikachelewa kujibu. Nikaona anageuza kichwa polepole, anakazia macho trei ya mayai. Niliposema "yai" akacheka mpaka akapaliwa!

Daktari alisema ubongo uliumia akizaliwa. Hakusema haelewi. Ni sisi tumekuwa tukimjibia miaka yote hii.

Natamani kumsikia akiniambia "tega", hata mara moja tu. Jioni mtegee. Halafu unyamaze, mwanangu, hata kama sufuria inaungua.

Mamako, kukhu, nyanya yake Maryanne