Kijito cha Cucu Hakina Jina kwenye Ramani

Jumamosi, Julai. Nyeri.

Baridi ya leo si ya kuchezea. Ukungu umeshuka tangu asubuhi mpaka kwenye paa la jirani, mlima hatujauona wiki nzima, na mimi nimevaa sweta mbili nikiwa ndani ya nyumba. Ningependa kusema huzuni hii imeletwa na hali ya hewa. Imeletwa na barua pepe.

Maktaba imejibu. Ni maktaba ya chuo kimoja ng'ambo, iliyoskani ramani za zamani za huku kwetu, zile zilizochorwa na wapimaji wa serikali ya kikoloni, na kuziweka mtandaoni. Nimezikodolea macho kwa miezi. Kwenye moja kuna Tetu kama ilivyokuwa kabla watu hawajahamishwa: migongo ya vilima, njia za miguu, vijito na majina yake. Na kati ya migongo miwili, pale hasa anapopaelezea cucu, nyanya yangu, kuna kijito alikozaliwa.

Mimi huchora ramani huria, ile ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuirekebisha na yeyote anaweza kuitumia, hata kwa biashara. Hiyo "hata kwa biashara" ndiyo imenimaliza. Skani za maktaba ni za utafiti na kujisomea tu. Niliwaomba ruhusa ya kunakili majina. Wamenijibu kwa adabu sana kwamba haijulikani ni nani hasa ana hakimiliki ya ramani ile, na kwa kuwa mwenyewe hajulikani, wao hawawezi kuruhusu.

Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya. Watu wa kijito kile wanajulikana. Mmoja yuko Wamagana na magoti yanamuuma, na hakuna aliyewaomba ruhusa wapimaji walipokiandika.

Cucu alikuwa msichana mdogo wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, walipotolewa kwenye mgongo wao na kurundikwa kijijini, handaki na miiba kila upande. Walipoachiliwa, mashamba yalikuwa yamegawanywa upya na baba yake akapewa kipande kwingine. Hawakurudi tena. Dada zake wote wamekufa. Sasa jina la kile kijito limemtoka kichwani, na linamsumbua kuliko hayo magoti. Kila nikienda ananiuliza. Mimi ni wakini wake, nilipewa jina lake, kwa hiyo anaona ni lazima ninajua.

Na ninajua. Nimelisoma kwenye skani.

Baada ya ile barua pepe nilimpigia Hassan, mchoraji mwenzangu. Yeye huuza mifugo Nanyuki, na ndiye amechora karibu njia zote za kupeleka ng'ombe mnadani. Kwa mambo ya leseni ni mkali kuliko askari wa kanjo.

"Wangari, hiyo skani wachana nayo kabisa," alisema. "Ukitoa hata jina moja huko, wasimamizi wa ramani watafuta kazi yako yote. Enda uulize cucu. Jina ikitoka kwa mdomo yake, weka. Lakini usimwambie kwanza! Ukimwambia, ni skani inaongea."

Anasema kweli. Tunachora upya, mguu kwa mguu, ili asije mtu siku moja akasema ni yake. Mgeni angeniuliza, ningemjibu hivyo hivyo.

Basi nikaenda Wamagana. Nilimkuta kando ya jiko, shuka mabegani, akichambua maharagwe. Nilimwomba anitembeze kwa maneno, kutoka mto mkubwa kupanda juu, simu yangu ikirekodi. Alitembea vizuri. Alitaja kivuko, akataja mgongo wa akina mjomba wake, akataja mahali walipochimba udongo wa vyungu. Majina hayo hata kwenye skani hayamo! Halafu tukafika kwenye kijito, akakwama.

Alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inajaribu. Sijatamani kitu mwaka huu kama nilivyotamani jina lile litoke. Nilikuwa nalo ulimini, nikauuma ulimi.

"Wakini," akasema, "sasa mimi ni mtu wa kutoka wapi?"

Nilizima simu.

Nikamwambia. Kamunyu. (Hapa kwenye blogu hakuna wa kunifuta.)

Hakulia. Alilirudia polepole, kisha akacheka hadi akashika mbavu. Akaanza kunisimulia mbuzi walivyokuwa wakilamba ukingo wa kijito kwa sababu ya chumvi iliyomo kwenye udongo, na mama yake akiwarushia mabonge huku akiwatukana kwa majina ya majirani. Nilimwangalia nikatamani kwenda naye huko. Sijui nilitaka nini hasa. Pengine kumwona akiwa mdogo, na miguu mizima. Huko siku hizi ni mashamba ya watu, yenye nyaya na mageti.

Najua nilichofanya. Hata akilitaja mara mia sasa, kwangu haliwezi kuhesabika tena. Nimempa cucu jina lake na nimeinyima ramani.

Sijutii. Nadhani sijutii.

Jioni hii nimeweka kivuko, mgongo na mahali pa udongo. Kijito nimekiacha, mstari wa buluu mtupu. Jumatatu nitaiandikia maktaba tena, nitawasumbua mpaka wanichoke. Na nitauliza huko Giakanja kama amebaki mtu mwingine wa mgongo ule, ambaye hajalisikia kutoka kwangu. Sijui kama yupo. Wanaisha.

Nilipokuwa naaga, cucu alinishika mkono akaniuliza kama Kamunyu nimeshaiandika kwenye ramani, ili watu wajue.

Nilimwambia ndiyo.