Ubao Ambao Baba Yako Hakuugonga

Msimbati,
Mtwara.
14 Machi 2023

Mpendwa mpwa wangu Zuberi Kassimu,

Asalaam aleikum. Nakusalimu wewe, namsalimu mkeo Zulfa, namsalimu na mjukuu wangu Amiri ambaye sijamwona ila kwenye kioo cha simu. Je, hamjambo? Kifua chako kilichokuwa kinabana kwa vumbi la huko Kahama kimepoa? Zulfa na ujauzito wake anaendeleaje? Mungu awape afya na awape riziki isiyo na ugomvi.

Ukiuliza sisi, mimi mjomba wako ni mzima wa mwili. Nina kidonda cha mguu, nilikatwa na matumbawe, lakini kinakauka. Miaka sabini na miwili hii, meno ninayo yote ila mawili, na hakuna kijana wa Msimbati anayeweza kupiga kafi na mimi mpaka mdomo wa mto. Mama yako, dada yangu Mwasiti, yumo ndani kwenye eda. Anakula kidogo.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu Lucy, yule wa kutoka Bukoba aliyepanga nyumba ya jirani, alisema babu lete nikuandikie, nikakataa. Nilisoma ngumbaru, ile shule ya watu wazima, mwaka wa sabini na tano na nikatoka wa kwanza, hata wenye miwani niliwaacha nyuma. Herufi zikilala usicheke. Leo ni siku ya tatu naandika, na karatasi mbili nimeshazichana.

Simu yako ya Jumapili niliikata mimi. Haikukatika yenyewe kama nilivyomwambia mama yako. Uliniuliza mjomba, ni nini hasa kilichovunjika. Ukasema tena umeshaaga kazini, mwisho wa mwezi unapanda basi, uje ukae nafasi ya baba yako ngalawani. Sasa kabla hujapanda hilo basi, soma hii mpaka chini.

Wewe umeshazoea magari, nikukumbushe. Ngalawa bila matengo ni gogo tu. Zile mbao mbili ndefu zinazoelea ubavuni, moja kulia na moja kushoto, zimeshikwa na miti iliyokingama juu ya chombo, ndizo zinazokizuia kisipinduke. Matengo yetu ya zamani yalikuwa ya mwembe, nilichonga mimi, yakakaa miaka kumi na mmoja. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja yakawa yamechoka, ukibonyeza kwa kidole maji yanatoka.

Tukatafuta mengine. Fundi Twahiru wa Mikindani alitaja bei ya mbuzi wanne. Baba yako akaja na lake. Alikuwa ameona vijana wa Msangamkuu wamefunga mabomba ya plastiki, yale manene ya maji machafu, wameziba ncha zote mbili kwa vifuniko na gundi, na wanavua. Akanipeleka mpaka Mtwara mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akalibeba bomba moja begani anionyeshe. Akasema shemeji, ni rahisi kuliko ubao, ni jepesi, halinywi maji. Nilicheka mbele ya watu. Nikamwambia mimi Abdulrahmani, niliyechonga ngalawa kumi na saba kutoka hapa mpaka Mikindani, leo nielee juu ya bomba la choo? Muuza duka naye akacheka. Baba yako akalirudisha bomba mahali pake, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Ndipo nikachukua msufi. Ulikuwa wa jirani yetu mzee Salumu, ulianguka kwa upepo ukalala chini mvua nzima, na yeye akautoa bure ili mradi nimwondolee uani kwake. Mtu wa chombo hachukui mti uliolaliwa na mvua. Neno hilo nani aliyewafundisha watu wa pwani hii? Mimi. Nilikufundisha hata wewe ulipotoka jandoni. Lakini ulikuwa bure, na mwepesi, na nilitaka baba yako aone kwamba ubao nao unaweza kuwa rahisi.

Nilichonga siku tisa. Ubao mmoja ulitoka upande wa juu wa gogo, mzuri, mweupe kama tui. Wa pili ulitoka upande uliolala ardhini. Huo ulikuwa na matundu ya fukusi, na pale inapopita kamba ya kufungia palikuwa laini, kisu kiliingia bila kusukumwa. Niliona, Zuberi. Usije ukasema mjomba amezeeka macho hayaoni. Nilichanganya chokaa na sifa, yale mafuta ya papa, nikaziba matundu, nikapaka mara tatu mpaka mbao zote mbili zikafanana. Nilipaka vizuri hata mimi mwenyewe kesho yake nilitafuta alama ndipo nijue upi ni upi.

Na ule mzima nikaufunga kushoto. Kushoto ndiko ninakovutia wavu mimi.

Hilo ndilo lililozichana zile karatasi mbili. Sikukaa nikapanga. Mkono ulikwenda wenyewe, na mimi sikuurudisha.

Desturi yetu unaijua. Chombo kikifungwa matengo mapya, kila mvuvi hugonga ubao wa upande wake kwa kifundo cha kidole kabla chombo hakijagusa maji, akausikiliza. Ukiitika mkavu, anasema bismillahi na kusukuma. Ukijibu kama boga, anakataa kupanda, na hakuna wa kumlaumu. Baba yako alizidisha, hata ubao wa miaka mitano alikuwa anaugonga kila asubuhi, mpaka watu wakamwita Kassimu Hodi.

Asubuhi ile, tarehe ishirini na moja mwezi wa pili, alikunja kidole. Nikamzuia mkono. Nikasema mbele ya wenzetu wote ufukweni kwamba hodi hupigwa nyumba ya mgeni, haipigwi kazi ya mkono wangu, na kama haniamini akavue na wenye mabomba yao ya choo. Watu wakaguna. Yeye akatabasamu, unalijua tabasamu lake la upande mmoja.

"Mara moja tu, shemeji," akasema. "Moyo utulie."

"Gonga uone kama utapanda," nikamjibu.

Akakunjua kidole. "Haya. Wewe ndiye mkubwa." Akaenda nyuma kusukuma.

Huyo ni mume wa dada yangu, miaka thelathini na sita hajawahi kunijibu vibaya. Adabu yake ndiyo niliyomfunga nayo.

Tulitega mbele ya mdomo wa Ruvuma. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu kwa udongo, yanateremsha matete na magogo ya kutoka bara. Kwenye saa nne tukaanza kuvuta. Samaki walikuwapo, na mimi nilikuwa namtambia baba yako kwamba ona ubao unavyobeba. Gogo likatujia upande wake. Watu watakwambia lilikuwa kubwa kama nyumba, na mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Lilikuwa na unene wa paja. Ubao mzima ungelisukuma kando. Ule ulikatika pale pale palipokuwa laini, kama muhogo uliochemka, na chombo kikalalia kulia. Baba yako alikuwa amesimama, wavu umemzunguka miguu. Aliutazama ubao ulipokatika, ndani kumejaa vidonge vyeupe. Kisha akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "chokaa."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetaja jina la kitu alichokuwa anakitafuta. Maji yakamchukua na wavu wake. Mimi nikashika ubao wa kushoto, ule mzima, ukanielesha mpaka walipokuja kunitoa.

Siku ya tatu ndipo alipoonekana, upande wa pili, Msumbiji. Wavuvi wa kule, Wamakonde wenzetu, walimkuta kwenye mikoko, wakamwosha, mmoja wao akamfunika kanga mpya ya mkewe. Tulimpokea Kilambo, pale mpakani. Ofisa wa zamu alianza kuuliza karatasi za msafiri, nikamwambia huyu hakuaga kwamba anasafiri. Akavua kofia akatupisha. Tulizika jioni ile ile kwa sababu hakuwa wa kungoja, ndiyo maana hukuwahi. Hilo la kutokungoja usinihesabie, halikuwa la mkono wangu.

Sasa sikiliza la mama yako. Baada ya hitima aliniita ndani. Hakuuliza gogo, hakuuliza wavu. Aliuliza, "Kaka, aligonga?"

Nikasema, "Aligonga."

"Ukaitikaje?"

"Mkavu."

Akasema alhamdulillahi, basi ilikuwa siku yake. Tangu siku hiyo ameanza kupata usingizi. Amelalia uongo wangu kama mto.

Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada, ndiye anayewasemea, na hakuna anayemhoji. Ningeweza kunyamaza mpaka nife na kijiji kizima kingenizika kwa heshima. Lakini wewe unataka kuja kukaa upande wa kulia. Sitakuweka hapo na mdomo umefungwa.

Barua hii nampa kondakta wa basi keshokutwa, Alhamisi. Ikishapanda basi haikimbiliwi, hata na mimi. Ijumaa baada ya swala nitakwenda kukaa mlangoni kwa mama yako nimwambie hakugonga, na nani aliyemzuia, na upande gani niliuweka ubao gani. Nimekuandikia wewe kwanza makusudi, ili nikifika pale nisipate pa kurudi nyuma. Unanijua, nikiachiwa upenyo huwa nashinda. Akinifukuza ni haki yake. Na wewe ukitaka kunipeleka kwa mwenyekiti au mbele zaidi, nitakwenda kwa miguu yangu, na huko sitataja gogo.

Ngalawa ipo juu mchangani, haiendi popote. Ubao wa kushoto nimeufungua, umeegemea ukuta uani kwangu. Kila asubuhi naugonga. Unaitika mkavu. Sijawahi kuchonga ubao mzuri kama ule.

Ukiamua kubaki Kahama, baki, lee watoto wako. Ukiamua kuja, basi pitia lile duka la mjini, mwambie muuzaji unataka mabomba mawili aliyoyachagua Kassimu. Atakumbuka, alicheka sana. Nitayafunga mimi. Bomba ni tupu na halifichi utupu wake. Halafu kabla ya kusukuma ugonge, la kulia na la kushoto, mara mia ukitaka, watu wote wakiona. Mimi nitasimama pembeni, sitasema neno.

Wasalimie Zulfa na Amiri. Akizaliwa wa kiume, jina la babu yake mnalo. Mwalimu Lucy anakusalimu, na mzee Salumu anakupa pole, yeye hajui kitu kuhusu msufi wake na naomba lawama isimguse. Mama yako atakusalimu mwenyewe kwa simu baada ya Ijumaa. Pokea mara ya kwanza inapolia, usiiache ikaita.

Mungu akulinde na njia, akupe subira nyingi kuliko aliyonipa mimi.

Ni mimi nikupendaye, hata kama ukimaliza kusoma hutaki,
mjomba wako,
Abdulrahmani Nalinga