Kanda ya Benedetta

Nairobi, 9 Februari 2024

Kwa Papa mpendwa,

Hujambo Papa? Goti linasemaje? Na yule ng'ombe wa pembe moja bado anaingia shamba la jirani Elungat? Mimi mzima, ila usingizi ni haba.

Najua simu umeikataa, kwa hiyo naandika. Abdulnoor atakuletea barua hii akipita na lori lake kwenda Uganda. Papa, ninamaliza albamu yangu ya kwanza. Nyimbo tisa. Nimeziimba mwenyewe na kuzitengeneza mwenyewe kwa kompyuta, humu humu chumbani mwangu, mtaa wa Umoja, godoro nimeliegemeza mlangoni ili kelele za nje zisiingie. Kuna kampuni ilitaka kunichukua, nikakataa, maana walitaka niimbe wanavyopenda wao. Ukaidi huo unajua niliutoa wapi.

Wimbo wa tisa ni wa Mama. Biti iko, sauti hakuna. Mamdogo Truphena aliwahi kuniambia kwamba siku niliyopewa jina, Mama aliimba peke yake mbele ya redio kaseti, na kanda hiyo unayo wewe kwenye sanduku lako. Nilikuwa na miaka minne tulipomzika. Sura yake ninayo kwa picha. Sauti yake sina, Papa. Hata neno moja sikumbuki. Naomba umpe Abdulnoor hiyo kanda aniletee.

Binti yako,
Terry


Malaba, 20 Februari 2024

Kwa binti yangu Terry,

Pokea salamu nyingi kuliko malori ya foleni, na leo foleni imepita mpaka kwenye kisima cha wamisionari. Mimi mzima. Goti lilijaribu kunishinda, nikalishinda. Ng'ombe anaingia kwa Elungat kwa sababu Elungat hajui kujenga ua.

Hii barua ni mkono wangu mwenyewe. Elungat huandikiwa na mjukuu. Mimi niliingia ngumbaru na miaka hamsini na mbili, na mwalimu alikiri mbele ya darasa zima kwamba kichwa kama hiki kingepatikana mapema kingekuwa waziri.

Sasa habari ya kanda. Kanda iko. Nani amesema haiko? Mimi ni mtu wa kuhifadhi vitu. Lakini kanda si muhogo wa kurushwa juu ya lori. Joto la kabini litaikunja. Tena nikuulize swali: kwa nini unatafuta sauti ya mama yako, ambaye hakuwa mtu wa muziki, na babako yuko hai? Akogo yangu ina vyuma kumi na tatu vya kupigwa kwa vidole gumba, kibao nilichonga mwenyewe, na kutoka Amukura mpaka Tororo hajazaliwa wa kunishinda. Nimepiga mbele ya D.O., mkubwa wa tarafa nzima, mara mbili. Mara ya pili alisimama. Weka hiyo ndani ya kompyuta yako, uone kama watu hawatavunja viti.

Ni mimi babako,
Omagor, bingwa wa akogo


Nairobi, 4 Machi 2024

Kwa Papa,

Shikamoo, na asante kwa barua. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Niko salama, natumaini na wewe goti limekubali kushindwa.

Akogo nitakuja kuirekodi siku moja, nakuahidi. Ila sasa namtaka Mama. Kama unaogopea kanda njiani, sawa, nitakuja mwenyewe Ijumaa Kuu. Nitabeba kinasa changu, tutaiweka kanda kwenye redio yako, na nitaisikilizia pale pale kwako. Usiiguse, usiisafishe, iache tu ilivyo.

Binti yako,
Terry


Malaba, 17 Machi 2024

Terry,

Usije. Mvua imekata barabara ya kwetu na mimi sitaki upate malaria bure. Mambo yote nimeyamaliza. Nilikwenda kwa Mujib, fundi wa simu pale karibu na geti la forodha, akaihamisha sauti yote kwenye memori kadi. Nimeishona ndani ya kitambaa, Abdulnoor anayo. Sauti ni safi, usishangae, nilikuambia mimi ni mtu wa kuhifadhi vitu. Kanda yenyewe ilikatika Mujib akiitoa, ilikuwa imezeeka. Kwa hiyo hakuna kitu cha kufuata huku.

Salamu nimesahau. Salamu.

Babako,
Omagor


Nairobi, 11 Aprili 2024

Papa, Papa, Papa,

U mzima? Mungu akuweke miaka mia.

Kadi niliipata Jumatano ya wiki iliyopita. Niliogopa kuisikiliza. Niliosha vyombo, nikafua, nikaosha tena vyombo vilivyokuwa safi. Kisha nikavaa hedfoni nikakaa chini.

Kumbe Mama alikuwa na sauti nzito! Miaka yote nilimwazia sauti nyembamba, sijui kwa nini. Inafanana kidogo na ya mamdogo Truphena, ndugu ni ndugu. Na kabla ya kutaja jina langu anavuta pumzi, ndefu, kama mtu anayejitwika debe la maji. Papa, hiyo pumzi nimeikata, nimeirudia, nimeifanya ndiyo ngoma ya wimbo mzima. Hakuna ngoma nyingine humo. Watu watacheza juu ya pumzi ya Mama. Na kuna jambo lingine. Nimerudi kwenye rekodi zangu zote za zamani, nikajisikiliza. Mimi pia navuta hivyo hivyo kabla ya kuimba! Hakuna aliyenifundisha. Sasa najua ilitoka wapi.

Usiku nikimaliza kazi namwambia, "Lala salama Mama," ndipo nazima kompyuta.

Sasa sikia. Tarehe 17 Agosti nitaimba Busia, uwanjani, tamasha la mpakani. Nitaizindua albamu huko, si Nairobi. Nataka watu wote wa Mama wawepo. Mamdogo Truphena nitamkalisha mbele kabisa, nimshike mkono, amsikie dada yake tena. Bado sijamwambia, nataka ashtuke.

Na wewe utakaa kando yake, kwa sababu ni wewe uliyemhifadhi.

Binti yako,
Terry


Malaba, 29 Aprili 2024

Kwa binti yangu Terry,

Salamu. Sijui kama nina haki ya kuuliza afya yako, lakini nauliza. Mimi mwili mzima.

Barua hii ni ya nne. Tatu nimezichana. Abdulnoor amepita mara mbili akipiga honi na mimi nimejificha ndani kama mwenye deni.

Sauti uliyonayo si ya mama yako. Ni ya Truphena.

Nimeandika. Sasa niandike na yaliyobaki, na wewe usome mpaka mwisho hata ukinichukia katikati.

Siku ya jina lako ilikuwa hivi. Mama yangu alichovya kidole kwenye ajon, pombe yetu ya wimbi, akakutia mdomoni na kuita majina ya wazee wetu moja moja. Ukikataa, jina si lako. Ulikataa manne, mkaidi tangu tumboni. La tano ukanyonya kidole. Ndipo mama yako Benedetta akaimba, na mimi nikabonyeza redio. Jioni alichukua kisu cha jikoni akavunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kanda, ili mtu asirekodi tena juu yake. Nikamwuliza, "Unaharibu kanda?" Akaniambia, "Nafunga mlango. Nakujua wewe."

Alikuwa ananijua.

Mwaka mmoja baada ya kumzika, redio moja ilitangaza kwamba inatafuta wapigaji wa vyombo vya kienyeji. Mwisho wa kupeleka ilikuwa Jumatatu. Mimi nilisikia Jumapili na maduka ya kanda yamefungwa. Nikafungua sanduku. Nikatafuna karatasi ya sukari nikaziba pale palipovunjwa vijino, na redio ikakubali. Nilijiambia nitatumia upande mmoja tu, upande ambao hauna yeye. Terry, sikuangalia upande. Nilikuwa na haraka ya kuwa mtu mkubwa. Nilipiga akogo dakika thelathini na kati ya nyimbo nikawa natangaza jina langu. Halafu nikageuza kanda nikaendelea, maana niliona ninapiga vizuri.

Redio haikunijibu. Kanda ilirudi baada ya miezi mitatu. Nikaiweka nimsikilize Benedetta, nikajikuta mimi. Nikageuza, tena ni mimi.

Watu watakuambia mzee alifuta kwa uchungu wa mke. Hata mimi nilitaka kukuandikia hivyo, ndiyo barua ya pili niliyoichana. Si kweli. Nilifuta kwa sababu nilitaka kusikika.

Na uliposema unakuja Ijumaa Kuu, nilimfuata Truphena Amukura. Nikamwambia panya wamekula kanda. Akasikitika, hata hakuniuliza panya gani. Nikamwambia mtoto anaomba yeye aimbe badala ya dada yake.

"Kwa hiyo Terry anajua ni mimi?" akaniuliza.

"Anajua."

"Shemeji, kweli anajua?"

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

Tukaenda kwa Mujib. Mujib akasema, "Mzee Omagor, leo umeniletea kwaya?" Akazima feni, akafunga mlango. Truphena akaimba mara ya kwanza, ikawa kavu. Mara ya pili akalia, Mujib akampa maji. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikajifanya mwalimu. Nikamwambia, "Benedetta alikuwa anavuta pumzi kabla ya jina. Vuta pumzi ndefu." Akavuta.

Hiyo pumzi uliyoifanya ngoma, mwanangu, ni mimi niliyemwambia. Na ukiniuliza leo mbele ya Mungu kama Benedetta alivuta pumzi namna hiyo, sijui. Nilisema tu ili nionekane nakumbuka.

Kanda haikukatika. Iko. Ina mimi tupu.

Ningenyamaza kama si hilo la Agosti. Nilimwona kichwani mwangu Truphena amekaa mbele, umemshika mkono, na sauti yake mwenyewe inamtokea kwenye spika kwa jina la marehemu. Hapo hata mimi nilishindwa.

Babako,
Omagor


Nairobi, 18 Juni 2024

Papa,

Natumaini u mzima.

Barua yako niliipata Mei. Nimekaa nayo wiki sita. Nilimpigia simu mamdogo. Nikamwuliza, "Ni wewe?" Akasema, "Kwani babako hakukuambia? Si alisema unajua?" Kisha akaanza kulia na kuniomba msamaha, yeye, na ikawa ni mimi wa kumnyamazisha.

Kufuta kanda naweza kukuelewa. Sisemi nimesamehe, nasema naelewa. Hata mimi hutaka kusikika, ndiyo kazi yangu. Lakini mimi nilikuwa na mahali patupu, Papa, na nilikuwa nimepazoea. Wewe ukapajaza. Sasa nikiangalia picha ya Mama, mdomo unafunguka na anayetoka ni Truphena. Nimejaribu kumtoa. Kwa kompyuta ningeweza, kwa kichwa siwezi. Mwezi mzima nimemwambia mtu mwingine "lala salama Mama."

Ungeniandikia "sina, niliifuta," ningelia wiki moja kisha ningetengeneza wimbo wa hiyo "sina."

Albamu itatoka. Wimbo wa tisa utabaki, mamdogo amekubali, na jina lake litaandikwa. Ile pumzi nimeitoa yote. Pale ilipokuwa nimeacha kimya.

Nitakuja Busia na nitalala kwa mamdogo Amukura. Malaba sitafika. Uwanja si wangu, siwezi kukukataza kuja. Lakini usipande jukwaani, usiseme na watangazaji, na usiniletee akogo.

Terry, binti yako


Malaba, 19 Agosti 2024

Kwa binti yangu Terry,

Salamu, na pole kwa kazi. Hujaniambia niandike, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Nilikuja. Nilisimama nyuma kabisa, upande wa vyoo, na kofia nimeishusha. Elungat alitaka tufuatane, nikamwambia siendi. Akogo niliiacha nyumbani, na Mungu anajua nilirudi mlangoni mara mbili kuiangalia.

Nyimbo nane za kwanza sikuzielewa vizuri lakini watu walizielewa. Watu wa Uganda walivuka wengi. Kulikuwa na wanawake watatu mbele yangu wanaojua maneno yako yote, wanakuimbia wewe nyimbo zako. Sikujua jambo kama hilo linawezekana.

Ulipomwita Truphena apande, nilishika ukuta. Ukasema, "Mama yangu alikuwa na wimbo. Sauti yake imepotea. Huyu ni dada yake." Nikangoja useme imepotezwa na nani. Nilikuwa nimejitayarisha, nilikuwa nimesimama wima. Hukusema. Ukageukia mashine zako.

Na pale penye kimya, watu walidhani umeme umekatika, mmoja akapiga mluzi. Truphena alisimama tu mbele ya kipaza sauti mdomo ameufumba, na wewe mikono umeiinua juu ya mashine huigusi. Nilihesabu. Vimya sita. Vyote ni vyangu.

Kando yangu kulikuwa na mama muuza njugu, beseni kichwani. Akaniangalia. "Mzee, vipi? Huyu msichana ni wenu?"

Unanijua. Swali kama hilo ningelijibu mpaka asubuhi, ningemtajia na D.O. na waziri.

Nikamwambia, "Ni wa Benedetta."

"Benedetta ndiye huyo anayeimba naye?"

"Hapana, mama. Huyo ni dada yake. Benedetta hasikiki."

Akateremsha beseni, akanipa njugu kidogo kwenye karatasi, akaendelea kuuza.

Babako