Jino ya Zahabu ya Alfani

Kisangani, Kabondo, tarehe 4 mwezi wa tatu 1984

Nyota,

Weye iko na pua ama hauna? Salamu utaipata chini, kama nitaona inakustahili. Uliniandikia kurasa mbili: shingo ya yaya yako Alfani, kaka yako mukubwa, matezi, kansere, dawa ya kutiririka ndani ya mushipa. Kinywa yake uliiruka kama mutu anaruka matope. Sasa Pélagie, ule mama anayeuzaka vitenge, ameshuka jana na ndege ya Kinshasa, alimuona Alfani kwa lopitalo, amekaa hapa kwa kitanda yangu, anafunika pua hata kwa kusimulia tu. Anasema Alfani akifungua kinywa, mugonjwa wa jirani anageukia ukuta. Anasema ni kama panya imekufa chini ya godoro. Mujukuu niliyemulea mimi, ndani ya nyumba ambayo hata mbwa inalalaka inje juu ya harufu.

Tena amesema jambo ulilonificha. Banganga ba lopitalo balisema mbele ya kuanza dawa lazima meno yote yenye kuoza itengenezwe ama itolewe. Ile dawa inaua ugonjwa, lakini inaua pia askari ya damu. Askari ikianguka, uchafu ya meno inaingia ndani ya damu na hakuna wa kuikamata. Mimi niliacha masomo mwaka wa pili na nimesikia mara moja. Yaya yako, mutu muzima mwenye ndevu, anakataa baguse ile jino ya zahabu.

Ile jino ninaijua. Alirudi nayo kutoka machimbo ya zahabu ya Bafwasende, akaingia nayo kwa kilio ya kumuzika tonton, mujomba yake. Batu banalia, yeye anacheka kwa upande wa kushoto ili baione. Nilimuambia: funga hiyo magazini, hiyo duka yako.

Niambie kweli: imetoka ama haijatoka?

Salamu. Afya iko, mugongo inauma, hiyo haikuhusu.

Mimi koko wako

*

Kinshasa, tarehe 15 mwezi wa tatu 1984

Koko yangu mupendwa,

Nakusalimia na heshima yote. Mugongo inaendelea namna gani? Ile mafuta ya mawese na tangawizi niliyoacha, banakupakaa mangaribi? Sisi huku tunapumua, Mungu anasaidia.

Usikasirike, koko. Balimutoa mizizi mbili za meno ya chini na hakulia. Lakini kwa ile ya zahabu alifunga mudomo. Alinisemesha kwa sikio: "Hapa banaiba hata mashuka chini ya mugonjwa. Batanilaza na dawa, nitaamuka na shimo, na zahabu yangu itakuwa kwa shingo ya muke wa mutu." Alors akamuambia munganga wa meno kama ile jino ilitengenezwa huko Kisangani na munganga mukubwa, iko safi chini, haiumi. Munganga akaniangalia mimi. Koko, nilinyamaza. Shingo ilikuwa inavimba kila siku. Niliogopa bakichelewesha dawa, atakosa pumzi.

Bon, dawa ilianza. Shingo imeshuka kweli. Lakini kinywa imejaa vidonda vyeupe, hawezi kutafuna. Tante Georgette, ule shangazi wa Barumbu, anakujaka mangaribi. Anamutafunia kwanga, ule mukate wa muhogo, mpaka inalainika, anamutilia na kidole. Asubuhi mimi namusugua meno na muswaki ya muti, lakini damu inatoka mingi.

Anauliza kila siku kama koko amekasirika juu ya kitu ingine. Kitu gani? Sikuelewa.

Mujukuu wako Nyota

*

Kisangani, tarehe 25 mwezi wa tatu 1984

Nyota,

Soma hii umesimama. Salamu hakuna.

Munganga mukubwa wa Kisangani! Jana siku ya mosi, nyuma ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia muji, nilivaa viatu nikaenda sokoni kumutafuta. Unajua iko nani? Iko Dominique, mutu wa kutengeneza saa, anayekaaka nyuma ya bauzaji wa samaki. Iko na tupa moya. Asubuhi anachonga nayo pete, mangaribi anasugua nayo meno ya batu, na katikati anajikuna nayo mugongo.

Nilimuuliza: "Ni weye ulimutia Alfani jino?"

"Ndiyo, mama. Kazi muzuri."

"Chini yake kulikuwa nini?"

Anacheka. "Tundu, mama, na usaha kidogo. Nikafunika. Zahabu haiozaka."

Nikamuambia: zahabu haiozaka, mutu ndiye anaoza. Nikatema mate mbele ya meza yake, na mimi sio mutu wa kutema mate ovyo.

Tena nikauliza zahabu ilitoka shimo gani ya Bafwasende. "Hapana, mama. Kule alirudi mikono mitupu. Aliniletea pete ya zamani, nzito, iko na mwezi imechorwa kwa ndani, nikaiyeyusha." Nikakaa chini, juu ya gunia ya chumvi ya batu. Ile pete ni ya bwana yangu marehemu. Nilimupa Alfani ili siku moya avalishe muke wake. Yeye ameivalisha usaha. Ndiyo ile "kitu ingine". Haogopi bezi, bale ba kuiba mashuka ya lopitalo. Anaogopa mimi nijue.

Sasa umuambie: koko amejua. Hana kitu ya kuficha tena. Weye uende leo kwa munganga, useme: tulidanganya, chini ya zahabu kuna usaha. Useme "tulidanganya", usiseme "tulisahau".

Georgette atoe vidole yake. Ndiyo, mimi mwenyewe nilikutafunia weye na Alfani mulipokuwa batoto, na damu yenu ilikuwa na askari yake. Leo mate ya Georgette, mutu wa tumbaku na samaki ya juzi, ni sumu. Muswaki ya muti utupe. Chukua kitambaa laini, maji iliyochemka ikapoa, na chumvi kidogo.

Musomee Alfani barua yote, hata kama bagonjwa bengine banasikia. Aone haya. Haya haiuaka mutu.

Mimi koko wako, na wake

*

Kinshasa, tarehe 2 mwezi wa ine 1984

Koko,

Salamu na heshima. Mugongo ipate nafuu. Naandika juu ya magoti, karibu ya kitanda yake.

Pélagie alifika na barua yako akatukuta tayari ndani ya moto. Homa ilikuwa imemushika Alfani, anatetemeka mpaka kitanda inalia. Shavu imevimba mpaka jicho imefunga. Munganga alisema askari ya damu imebaki kidogo sana, na kuna uchafu inaingia, hajui inapitia wapi. Alitafuta kwa mapafu, alitafuta kwa mukojo. Na mimi nasimama pale, ninajua, ninanyamaza.

Nilisoma barua peke yangu kwanza, kwa korido. Halafu nikamusomea. Nilipofika pale "koko amejua", machozi ikamutoka. Akafungua kinywa yeye mwenyewe, akaonyesha na kidole.

Nikaenda kwa munganga nikasema: tulidanganya. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema kutoa jino wakati damu iko vile ni hatari, na kuiacha ni hatari kupita. Balimutia damu, bakachukua na yangu, bakamutia dawa kali ya usaha, ndipo bakatoa. Koko, ile zahabu ilipochomoka, harufu ilijaa chumba. Infirmière Micheline, ule wa kuchunga bagonjwa, aliyezoea maiti, alikimbia inje kutapika. Chini haikukuwa jino tena. Ilikuwa kama uji nyeusi.

Habakuiba zahabu. Munganga aliniwekea kwa mukono, ndani ya pamba.

Tante Georgette nilimukataza, amenuna, haji tena. Homa bado inapanda na kushuka. Alfani hawezi kusema. Munganga anasema tungoje: akipita hii juma, ataweza kuanza tena dawa ya shingo. Lakini hakuahidi.

Pélagie anarudi kwako siku ya mosi. Nimupe ile zahabu akuletee? Nilimuuliza Alfani, aliangalia tu pamba, akafunga macho.

Nyota

*

Kisangani, tarehe 8 mwezi wa ine 1984

Nyota,

Salamu. Leo nakupa nusu, kwa sababu ulisema lile neno mbele ya munganga. Nusu ingine naiweka, juu ulichelewa kulisema.

Pélagie amefika mikono mitupu, anasema ulikuwa unangoja jibu yangu. Ulifanya muzuri. Usimupe mutu yeyote ile kitu. Kwanza, pamba yenye mate na usaha isiingie nyumba yangu. Tena nimekaa dunia hii siku mingi, ninajua: kwanza vinarudi viatu vya mugonjwa, nyuma ya viatu inakuja kilio. Kitu ya Alfani isirudi mbele ya Alfani.

Ichemshe na chumvi mpaka uchoke, umwage maji, uchemshe tena. Uifunge ndani ya kitambaa safi, uitie chini ya mto yake.

Kinywa yake, kila asubuhi na kila akimaliza kumeza kitu, unawe mikono na sabuni, umusafishe polepole, uangalie pahali pote, mpaka chini ya ulimi. Ukichoka, uangalie tena. Halafu uniandikie umeona nini: nyekundu, nyeupe, ama nyeusi, na inanuka ama haina. Usiniandikie "Mungu anasaidia". Mungu anajua kazi yake, weye fanya yako.

Na Alfani umuambie kwa sikio, hata kama homa imemufunga macho, atasikia: sijamusamehe. Mimi nasamehe mutu akisimama mbele yangu. Ile pete ataileta yeye, kwa mukono yake. Atasimama hapa kwa mulango, atafungua kinywa, na mimi nitanusa. Asimutume mutu.

Mimi koko wenu