Kicheko cha Zamzam

Kwa Mama yangu,

Shikamoo. Huku theluji imeanza kuyeyuka. Nuru ametimiza miaka mitatu na anavaa viatu mwenyewe, ila cha kushoto na cha kulia bado vinamchanganya.

Nimepata kibarua cha kushona katika ukumbi mmoja hapa Saint Paul. Wanafufua mchezo wa kuimba wa karne ya kumi na tisa, wa kuwacheka matajiri wa mjini na maringo yao. Magauni yenyewe mapana kama hema!

Jumamosi mwimbaji anayeigiza mtumishi aliumwa. Bibi Ingrid, anayeongoza mchezo, akaniambia, "Fathiya, simama nyuma ya pazia. Tajiri akijikwaa na gauni lake, wewe cheka tu."

Nikacheka. Mama, kilichotoka hakikuwa kicheko changu. Kilikuwa cha marehemu dada Zamzam, kile cha kupanda juu halafu kinakatika kwa kwikwi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nuru peke yake, aliyesimama nami nyuma ya pazia, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Mama, yule nani?"

Najua hujanisamehe kukosa maziko yake. Karatasi zangu za ukaazi hazikuwa tayari. Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi kwa Nuru. Tangu siku ile hupokei simu yangu.

Bibi Ingrid anataka nicheke vile kila onyesho. Nimemwambia nitakuuliza kwanza. Ukikataa, nitanyamaza. Lakini ukitamani kumsikia, nipigie, Mama. Sitajitetea. Nitacheka tu.

Mwanao aliyebaki,
Fathiya