Usinipe Selotepu Tena

Mama Hanadi,

Maharage yako jikoni, nimeyafunika. Milango ya kabati la mwanao isiguswe mpaka nirudi. ~~Nimekwenda kununua nyembe mpya za msumeno.~~ Nimekwenda mkahawani kutuliza moyo.

Asubuhi nilikuwa nakata nakshi ya maua kwenye mlango wa mwisho, ukaniita chai. Nikasimama kukujibu, wembe wa msumeno wa umeme ukaendelea kupanda na kushuka palepale, ubao ukaungua mpaka ukawa mweusi. Haya, si kosa lako peke yako. Wembe ulikuwa butu tangu Jumamosi, na ile selotepu uliyoniletea niibandike juu ya ubao usiungue, nilisema ni mambo ya watoto wa shule. Furahi basi.

Mara akaingia mkwe wetu, mama yake Ramzi anayemwoa Hanadi. Akaweka kidole penye weusi. "Baba Hanadi, hii nini tena?"

Nikajikuta nimesema ndio mtindo mpya wa Italia. Mimi, ambaye sijatoka Damiati tangu nizaliwe.

Akavaa miwani, akaita dada zake wawili. Sasa wanataka milango yote kumi na miwili iwe hivyo hivyo kabla ya Alhamisi, maana vyombo vya bibi harusi vitapitishwa na lori mtaa mzima ukitazama. Na ile kumi na mmoja niliikata safi, haina hata doa.

Kwa hiyo selotepu ifiche. Wembe butu usiutupe. Mchana nitaipitisha yote upya, na wewe kila baada ya dakika tano uniite chai.

Mumeo, Mwitalia