Kiu Uliyonificha, Mama

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, si kwa sababu nimetulia. Sijatulia hata kidogo. Nimekaa kwenye benchi la saruji nje ya wadi ya wanawake, hospitali ile ile uliyofia, na ndani amelazwa mdogo wako. Mama mdogo Mwanaisha, pumu imembana safari hii mpaka tukamleta amebebwa. Juzi walimwanzishia vile vidonge vyeupe vidogo. Nilivijua kabla sista hajavitaja jina. Vilipita sana mkononi mwangu nilipokuwa nikikupa wewe, kiganja kizima kila asubuhi baada ya uji.

Kwa hiyo leo utanisikiliza. Nimejaribu kukuandikia kwa upole tangu tulipokuzika Mwabungo, nimeshindwa. Kila nikianza na mambo ya kukuombea dua, nafika kwenye ile chupa yako ya maji na kalamu inanitoka mkononi.

Unajua chupa ninayoisema. Tuliikuta ndani ya leso yako ya zambarau tulipokuwa tukikusanya vitu vyako kitandani. Nikadhani ni ya mtu mwingine. Ndipo yule mama wa Funzi, jirani yako wa kitanda, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni yako. Kwamba mchana ulikuwa ukijifunika leso gubigubi kama aliyelala, kumbe chini yake unakunywa maji, chupa baada ya chupa, na yeye ndiye aliyekuwa akikujazia. Ulimwapisha asituambie. Ati uji wa kumezea dawa si neno, lakini ni Ramadhani, watu wamefunga, utaonekanaje mwanamke mzima unabugia maji mchana?

Mama, ulikuwa mgonjwa. Mgonjwa ameruhusiwa. Ustadhi alikwambia, Bakari mwanao alikwambia, mimi nilikwambia mpaka nikachoka. Nawe ukaitikia vizuri, "Haya, mwanangu," kisha ukajifunika. Wallahi nikiikumbuka hiyo "haya, mwanangu" yako natamani kuvunja kitu.

Vidonge vyenyewe vilikufaa, hilo sitalikana. Uliingia pale ngozi imekutoka malengelenge mgongo mzima, ukilala chali unalia, na kinywani vidonda vitupu. Wakatwambia mwili wako umegeuka unaipiga vita ngozi yake wenyewe, na dawa ya kuutuliza ndiyo hiyo. Ukatulia kweli. Malengelenge yakakauka, tukaanza kubishana Idi tutapika nini.

Jioni ndipo tulipokuwa tukikumaliza bila kujua. Huwezi kutafuna, basi tunakuletea vya kuteleza kooni: uji mtamu, tambi za sukari, maji ya embe, madafu ambayo mama mdogo mwenyewe aliyatoa kwao Bodo. Adhana ya magharibi ikilia, nusu ya wadi ina kiu, waliolazwa na waliokuja kuwatazama. Nani angeitambua kiu yako kati ya kiu zetu? Ulishika gilasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nasi tukasema Mashallah, mama anapata nafuu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametwambia kwamba vidonge vile, huku vinaponya, vinaweza kumpandishia sukari mtu ambaye hajawahi kuugua sukari maishani mwake. Hakuna. Tungalijua tungalikuletea maji matupu na samaki wa kuchemsha, unune usinune.

Na kila asubuhi alipita daktari, yule msichana wa bara mwenye miwani. "Mama, unaendeleaje leo?" Nawe unajiweka sawa mtandio, unatabasamu na vidonda vyako: "Alhamdulillahi, daktari, sijambo, sijui wewe na watoto." Hana hata watoto, Mama. Macho yameshaanza kukufanyia ukungu, msalani unakwenda na kurudi ukishika ukuta, lakini mgeni akikuuliza hali wewe hujambo. Ndivyo tulivyofunzwa huku kwetu. Mtu akikuuliza hali unamshukuru Mungu na shida zako unazimeza, usije ukamchosha mwenzio. Daktari naye akaandika kwamba hujambo, akaenda kitanda cha pili.

Sukari walikuwa wakikupima, hilo nalo nilikuja kulijua baadaye. Walikupima alfajiri, na alfajiri ilikuwa sawa.

Siku uliyoanza kuniita kwa jina la bibi nilidhani ni homa. Nilikuuliza kama unataka maji, ukanitazama kama mtu usiyemjua. Ikawa alasiri. Ndipo mtu akakumbuka kukudunga kidole saa hizo, na mashine ikakataa hata kutoa nambari, ikaandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kuhesabu. Wakakimbizana na dripu na insulini. Hukuifikia Idi.

Yule daktari alinifuata mwenyewe nje, hakumtuma mtu, na kwa hilo nampa haki yake. Akanieleza. Vidonge vikimezwa asubuhi, sukari huanza kupanda adhuhuri, alasiri na jioni inakuwa juu kabisa, usiku inateremka, na ukipima alfajiri unaikuta imetulia, mtu unadhani mambo ni salama. "Ilifaa tupime mchana," akasema. Kisha akaongeza, "Na kila siku nilikuwa namuuliza, ananiambia hajambo."

Nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mzazi. Kwani kazi yake ni kusikiliza Alhamdulillahi? Kazi yake ni kupima. Mtu ukimpa dawa ambayo unajua inapandisha sukari, unamdunga kidole alasiri hata akikuimbia. Alikubali yote, akasimama tu akilia. Lakini nilipofika nyumbani nikakuta nina hasira nyingine, nayo ni juu yako. Kwa sababu alikuuliza. Huyo msichana alisimama mbele yako kila siku ya Mungu akakuuliza, na wewe ukamuuliza habari za watoto.

Bakari hataki nizungumze hivi. Anasema ni kadari, siku yako ilikuwa imefika, nisikusumbue huko uliko. Kadari naiamini, sikusilimu jana. Lakini pikipiki ya Bakari ikiharibika breki haiiti kadari, anaipeleka kwa fundi. Nimemwambia hivyo, sasa ananijibu kupitia kwa mkewe.

Basi juzi nilipoviona vile vidonge kwenye kikombe cha mama mdogo, nilivichukua nikataka kuvitupa dirishani. Daktari yule yule akanikuta navyo mkononi. Hakunifokea. Aliniambia bila dawa hii mama mdogo hatapumua, nikivitupa nitamzika kwa pumu, na kwamba dawa si ya kukimbiwa, ni ya kulindwa. Akaandika mbele yangu apimwe sukari kabla ya chakula cha mchana na tena alasiri. Nikavirudisha kikombeni.

Kuandika ni kitu kimoja. Jana alasiri nikangoja, hakuna aliyekuja. Nikaenda kwenye meza ya sista. Akaniambia, bila ubaya wowote, mgonjwa wa sukari ni yule wa kitanda cha mwisho, huyu wenu ni wa pumu, na vile vijikaratasi vya mashine ya kupimia sukari vimebaki vichache. Nikamwambia kwamba mamangu pia hakuwa wa sukari. Nilimwambia kwa sauti ambayo wewe usingeipenda. Sikuondoka pale mezani, Mama. Nilisimama kama mtu anayedai maiti yake.

Na unajua nani alinivunja nguvu? Mdogo wako. Kutoka kitandani, kwa ile pumzi yake ya kuazima, "Mwacheni sista wa watu afanye kazi yake, mimi sijambo, Alhamdulillahi." Nilisikia sauti yako kabisa. Mlizaliwa tumbo moja, mkanyonya ziwa moja, na ukaidi mkagawana sawasawa.

Nikamwendea. Nilikuwa nimemwona asubuhi akijivuta kwenda msalani mara hii na mara hii, nilikuwa nimeuona ulimi wake ukinata akisema. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Dada yako alikufa hajambo."

Akageukia ukutani. Mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani kifua kimembana tena na safari hii nimemuua mimi. Sikumwomba radhi. Nilibaki nimeshika chuma cha kitanda nikingoja, sijui nangoja nini.

Kisha akauambia ukuta, "Nina kiu."

Hakuishia hapo. Ana kiu tangu juzi jioni, akinywa maji ni kama anayamwaga mchangani. Macho yanamfanyia ukungu. Miguu haina nguvu. Na huyu mtoto wa dada yake amemtia haya mbele za watu, hatamsahau. Sista akainuka kabla hajamaliza, akaja na mashine. Ilikuwa juu, Mama. Haikuwa imefika pabaya kama yako, mashine bado iliweza kuisoma, lakini ilikuwa juu kiasi cha kwamba sista alitoka pale akitembea haraka, na daktari akaja nyuma yake.

Leo asubuhi wamemdunga insulini pamoja na vidonge vyake. Watampima mchana, watampima alasiri, na dawa ya pumu ikipunguzwa na insulini itapunguzwa. Pengine sukari yenyewe itaondoka ikiisha hiyo dawa, pengine haitaondoka, daktari hakutaka kuniahidi. Chai anapewa bila sukari. Anasema ni maji ya kuoshea vikombe. Mimi hanisemeshi, anamtuma yule wa kitanda cha jirani aniambie nimletee mto. Nimemletea.

Lakini jana, walipomaliza kumshughulikia, nilitoka nikaja hapa kwenye benchi nikalia mpaka pua ikaziba. Watu wakapita wakinipa pole wakidhani nimefiwa. Sikuwa nikilia kwa huzuni. Nililia kwa hasira, kwa sababu nimeona jinsi ilivyokuwa jambo jepesi. Maneno mawili tu, Mama. Akayasema, mtu akainuka kwenye kiti. Ungaliyasema wewe ungalikuwa nyumbani sasa hivi unanikaripia kwa kumtia mama mdogo haya.

Dua nakuombea kila sala. Hilo halijakatika hata siku nilizokasirika zaidi. Mola akupe kauli thabiti, akupanulie kaburi lako, na maji akunyweshe yeye, maadamu sisi ulituonea haya. Nakutaka radhi kwa ukali wa barua hii. Kama mimi nimekusamehe bado sijui, ukinisikia nikilia nyumbani usidhani nimemaliza.

Na ninakuahidi hivi. Wanangu wakiulizwa hali na daktari, watamwambia kwanza panapowauma, wamweleze kila kitu hata cha msalani, na daktari akishamaliza kuwapima ndipo watamshukuru Mungu. Watu watasema hawana adabu, bibi yao hakuwa hivyo. Waache waseme.

Kwaheri, Mama. Adhana ya alasiri imelia. Naingia ndani nikasimame kando ya kitanda cha mama mdogo mpaka wampime.

Mwanao,
Mwanatumu